Monaco kwa siku moja bila kufilisika: mwongozo kamili kutoka kwa jirani

Naishi Nice, dakika kama 25 kwa treni mpaka Monaco, na nimeshaacha kuhesabu ni mara ngapi nimewapeleka wageni huko. Kila anayekuja kutoka nyumbani, awe shemeji, awe mama mdogo, awe jamaa tuliyesoma naye kaletwa Ulaya na semina, hajamaliza hata kikombe cha chai anauliza "hivi Monaco ni mbali?" Sio mbali. Tatizo ni kwamba wengi wanaenda vibaya, wanashuka saa saba mchana jua la utosi, wanazunguka nje ya kasino, wanapiga picha na Ferrari ya mtu, wanakunywa soda moja kwa bei ya kuku mzima alafu wanarudi kusema hamna kitu pale. Kipo, ila lazima ujue mji umekaaje.

Na mji umekaa hivi. Monaco ni nchi ya kama kilomita za mraba 2 tu, kwa udogo inazidiwa na Vatican peke yake, lakini imebandikwa kwenye ubavu wa mlima unaodumbukia baharini. Ramani ya simu itakuambia mita 200, kumbe hizo mita 200 ni sawa na kupanda ghorofa kumi. Kwahiyo siku ya Monaco unaipanga kwa kuangalia juu na chini, umbali usikuumize kichwa. Asubuhi ukiwa na nguvu unapanda, mchana unashuka, jioni unatembea tambarare, na katikati hapo unapanda lifti za bure ambazo wageni wengi hata hawajui zipo. Nitazieleza.

KABLA HUJAONDOKA NYUMBANI

Monaco haina viza yake wala haina uwanja wa ndege. Unaomba viza ya Schengen kwa Wafaransa, ada euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari inayofika angalau euro 30,000. Watu huniuliza kama wanahitaji viza ya kuingia mara mbili kwa sababu wanatoka Ufaransa wanaenda Monaco wanarudi, hapana, hamna geti wala mpaka wa kugonga muhuri, kuna mitaa upande huu wa barabara ni Monaco na upande wa pili ni Ufaransa na utavuka bila kujua. Ila pasipoti yenyewe tembea nayo, picha ya kwenye simu haitoshi, nitakwambia kwa nini mwishoni.

Ndege unashukia Nice. Kutoka Dar au Nairobi njia rahisi ni kuunganisha Istanbul kwa Turkish au Dubai kwa Emirates, wote wanatua Nice. Kuna helikopta ya uwanjani mpaka Monaco inachukua kama dakika saba, ipo kwa wenye nayo, sisi wengine tunatembea kwa miguu mpaka stesheni ndogo ya Nice Saint-Augustin iliyo karibu na Terminal 1 au tunapanda tramu ya laini ya 2 kwenda mjini.

Usilale Monaco. Hoteli za pale ni za watu wa aina nyingine. Lala Nice, karibu na stesheni kuu ya Nice-Ville, mitaa ile ina vyumba vya bei ya kawaida na migahawa ya halali mingi tu, ya Watunisia na Wamoroko. Ukitaka kabisa kulala karibu basi tafuta Beausoleil, huo ni mji wa Ufaransa uliokaa juu ya kichwa cha Monte Carlo, mtaa wa kasino, unashuka kwa ngazi za umeme umeshafika.

Kuhusu msimu, mimi napenda Juni na Septemba. Agosti kuna joto na watu kama siku ya sikukuu. Kipindi cha mashindano ya magari ya Formula 1, ambayo miaka yote yalikuwa Mei na kuanzia 2026 yamesogezwa Juni mwanzoni, kama hukuja kwa ajili ya magari usije kabisa, barabara zinafungwa, vyuma na majukwaa kila mahali, bei zinapaa mpaka huku Nice. Februari nayo sio mbaya, jua lipo, koti jepesi, na mji wa jirani wa Menton unakuwa na tamasha la malimao.

Hela. Wanatumia euro. Kwa mtu mmoja, nauli kwenda na kurudi, kahawa, chakula cha mchana cha sokoni, makumbusho moja na boti, weka euro 50 mpaka 60 utarudi na chenji. Bei hubadilika lakini hesabu haitokuacha mbali.

Na laini ya simu!! Hapa naomba mnisikilize. Monaco haipo Umoja wa Ulaya, kwahiyo bando lako la Ulaya linaweza lisihesabu pale. Mara ya kwanza naenda nilijirusha laivu nikiwa bandarini nikijua bando langu linafanya kazi, mwisho wa mwezi bili iliyokuja ningeweza kulala hotelini. Angalia kwenye masharti ya laini yako kama Monaco imetajwa, kama haijatajwa zima data kabla treni haijaingia kwenye handaki, na ramani pakua usiku uliotangulia.

ASUBUHI: PANDA MWAMBA

Panda treni ya saa mbili asubuhi kutoka Nice-Ville, inayoelekea Monaco, Menton au Ventimiglia (huo wa mwisho upo Italia). Kaa upande wa kulia. Nasema tena kulia, maana bahari ipo huko, utapita Villefranche yenye ghuba ya maji ya kijani, Beaulieu, Èze chini, Cap-d'Ail, yaani hiyo nauli ya chini ya euro 10 tayari ni utalii. Kuna basi pia linalopita barabara ya kando ya bahari, zuri kwa picha, ila linachukua karibu saa nzima na msimu wa watu utasimama njia nzima.

Stesheni ya Monaco imechimbwa ndani ya mlima, ilifunguliwa 1999, marumaru tupu, na ina milango kadhaa inayotokea kwenye viwango tofauti vya mji. Hapa ndo wageni wanapotea kwa mara ya kwanza. Ukitoka mlango wa juu unajikuta juu kabisa ya mji na miguu inaanza kulia mapema. Fuata vibao vya Monaco-Ville na Fontvieille, utatembea kwenye korido ndefu ndani ya mlima alafu unatokea chini, karibu na uwanja wa Place d'Armes kwenye soko la La Condamine.

Soko hili lipo tangu 1880 na ndo sehemu pekee Monaco ambayo nahisi nipo kwenye mji wa watu wa kawaida, wazee wanabishana kuhusu nyanya, wafanyakazi wanakunywa kahawa wima. Agiza kahawa na barbagiuan, hicho ni kitafunwa chao cha taifa, ukikiona utacheka maana ni binamu wa sambusa, kinakaangwa kwenye mafuta, ndani kuna majani yanayofanana na spinachi na jibini laini. Mama mdogo alikula vinne akaniambia "hawa wametuibia, wameweka mchicha tu." Kuna na socca, chapati nyembamba ya unga wa dengu, unga ule ule wa bajia, inaokwa kwenye sinia kubwa na kunyunyiziwa pilipili manga, ile iliwe ya moto, ikipoa ni kama kula kadi.

Jambo moja la adabu. Huku mtu hamuanzi na shida yako, unaanza na bonjour, ukiruka bonjour ni kama umeingia nyumba ya mtu mzima bila shikamoo, watakuhudumia lakini kwa sura ya kununa. Wageni wengi wanadhani wanabaguliwa, mara nyingine ni salamu tu imekosekana.

Sasa panda. Kutoka Place d'Armes kuna njia pana ya matofali inaitwa Rampe Major, inapanda taratibu mpaka juu ya Mwamba, wenyewe wanauita Le Rocher, ndo mji wa kale. Dakika kumi, kumi na tano kwa mwenye magoti ya mama mdogo. Mtu asiyeweza kupanda achukue basi la mji, yapo yanayofika mpaka juu.

Juu unatokea uwanja wa ikulu. Pembeni kuna sanamu ya mtawa mwenye joho, mwangalie vizuri, ana upanga. Huyo ni François Grimaldi, Januari 1297 alijifanya mtawa wa Kifransisko, akabisha hodi kwenye ngome, walinzi wakamfungulia kwa huruma, akatoa upanga na wenzake wakaingia. Ngome ilipotea tena na kurudi mikononi mwa ukoo baadaye, lakini hadithi ndo hiyo na wala hawaionei aibu, nembo ya taifa ina watawa wawili wameshika panga. Mkuu wa nchi wa sasa, Prince Albert II, ni wa ukoo huo huo wa Grimaldi. Yaani nchi nzima inajivunia kwamba babu aliingia kwa ujanja.

Usikae hapo ukisubiri gwaride, ni mapema bado. Ingia vichochoro, dakika tano utafika kanisa kuu, jengo la mawe meupe, kuingia ni bure ila funika mabega na usivae kaptula fupi. Nyuma ya altare makaburi ya watawala yamepangwa nusu duara sakafuni na moja utaona lina maua mengi kuliko mengine, limeandikwa Gratia Patricia, ndo Grace Kelly, muigizaji wa Marekani aliyeolewa na Prince Rainier III mwaka 1956 akafa Septemba 1982 baada ya ajali ya gari kwenye kona za milima hii hii. Rainier alizikwa pembeni yake 2005. Watu wazima wanatoa machozi pale, mimi mwanzoni nilishangaa, siku hizi nawapa tishu.

Mbele kidogo kuna bustani za Saint-Martin, bure, kivuli, bahari chini ya miguu yako, na mwisho wake ni Makumbusho ya Bahari. Hii lipa. Kiingilio ni karibu euro 20 kwa mtu mzima na ndo hela pekee nitakayokulazimisha kutoa siku nzima. Ilifunguliwa 1910 na Prince Albert I, mtawala aliyekuwa mwanasayansi wa bahari wa kweli, sio wa kupiga picha na darubini, alifanya safari za utafiti mwenyewe kwenye meli zake, na baadaye Jacques Cousteau, yule Mfaransa wa filamu za bahari, alikuwa mkurugenzi hapo kuanzia 1957 mpaka 1988. Jengo limesimama kwenye ukingo wa jabali, mita 85 juu ya maji. Chini kuna samaki hai, papa, kasa, matumbawe, na sisi watu wa pwani tunaona kitu kingine, mgeni wangu mmoja wa Mafia alizunguka matangi yote akiwataja kwa Kiswahili, chewa, changu, kolekole, mpaka watoto wa Kifaransa wakawa wanamfuata. Panda na paani, mandhari yake hayana mfano. Inafunguliwa kama saa nne asubuhi, ukiwa wa kwanza mlangoni utamaliza kwa saa moja na nusu.

Hapo rudi haraka ikulu. Saa sita kasoro dakika tano kamili, kila siku, walinzi wanabadilishana zamu, nguo nyeupe kiangazi na nyeusi baridi, ngoma na tarumbeta. Ni dakika chache tu kwahiyo mtu mfupi afike mapema au abebwe. Vyumba vya ikulu vinafunguliwa kwa wageni miezi ya joto tu, binafsi niliingia mara moja, dhahabu na mapazia, sio lazima.

MCHANA: KWA WATU WA RIADHA TU (YAANI SISI)

Shuka na njia uliyopanda, kula sokoni, kama unabana zaidi kuna Carrefour kwenye jengo la maduka la Fontvieille, nunua mkate na matunda ukale bustanini, hakuna atakayekuuliza.

Fontvieille ni upande wa magharibi wa Mwamba, mtaa uliojengwa juu ya bahari iliyojazwa udongo, na watalii wengi wanauruka. Mtu wa Afrika Mashariki akiuruka mimi namdai. Pale ndo upo uwanja wa Stade Louis II, nje una matao tisa kama msikiti, ulifunguliwa 1985, na chini ya nyasi zake kuna maegesho ya magari maana ardhi hawana. Wapenzi wa mpira watasema AS Monaco, sawa, George Weah wa Liberia alitua hapo 1988 chini ya kocha Arsène Wenger. Lakini simama pale ujiulize ni nani wamekimbia humo. Julai 20, 2018 Beatrice Chepkoech wa Kenya, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, 8:44.32, alikata zaidi ya sekunde nane kwenye rekodi ya dunia. Agosti 14, 2020, kipindi cha korona watu wachache uwanjani, Joshua Cheptegei wa Uganda mita 5,000 kwa 12:35.36, akaiangusha rekodi ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia iliyodumu miaka 16. Na Julai 21, 2023 Faith Kipyegon wa Kenya maili moja kwa 4:07.64, karibu sekunde tano chini ya ile ya zamani, na walioshindwa naye ndo waliokuwa wanamkumbatia.

Rekodi tatu za dunia, Wakenya wawili na Mganda mmoja, kwenye uwanja mmoja mdogo wa nchi ya matajiri. Mashindano yanaitwa Herculis, hufanyika Julai, na kama unaweza kupanga safari yako iangukie siku hiyo basi acha hata kasino. Siku za kawaida kuingia ndani sio rahisi, utaridhika na nje na picha. Karibu yake kuna bustani ya waridi ya Princess Grace, bure, pumzika hapo kwenye kivuli.

Makao makuu ya riadha ya dunia nayo yapo hapa hapa Monaco tangu 1993, ukirudi bandarini kwenye gati lililo chini ya Mwamba, Quai Antoine Ier, utaona jina World Athletics mlangoni. Shemeji alipiga picha mbele ya mlango ule akasema ndo picha ya maana kuliko zote za safari, na alikuwa ameshapiga mia mbili.

ALASIRI: TEMBEA KWENYE NJIA YA MAGARI

Sasa upo bandari ya Port Hercule, yoti zimepangwa kama daladala stendi, nyingine kubwa kuliko boti zetu za Zanzibar. Njia ya Formula 1 inapita hapa hapa, ni barabara za kawaida ambazo watu wanapeleka watoto shule, mzunguko wake ni kilomita 3.337 na dereva anauzunguka mara 78. Mashindano ya kwanza yalikuwa 1929. Dereva Mbrazili Ayrton Senna alishinda hapa mara sita. Wewe utautembea mara moja, kama saa moja na nusu pamoja na kupiga picha.

Anzia kwenye barabara ya Boulevard Albert Ier, utaona alama za kuanzia zimechorwa kwenye lami. Kona ya kwanza ina kanisa dogo limebanwa kwenye bonde chini ya daraja, Sainte-Dévote, mtakatifu wa nchi hii. Kila Januari 26 jioni wanachoma boti moja mbele ya kanisa kwa kumbukumbu yake.

Kutoka hapo njia inapanda mlima mpaka kasino. Usipande kwa miguu. Tafuta alama za lifti ya umma, kisanduku chenye mtu ndani na mshale wa juu, zipo nyingi sana mji mzima, nyingine ndani ya milango inayofanana na mlango wa ofisi ya mtu mpaka unaogopa kuingia. Ingia. Ni bure, ni za wote, zina kiyoyozi, na ndo usafiri halisi wa wakazi. Ukitaka kufupisha na njia ya bandari kuna boti ndogo ya umeme inavuka kutoka upande wa Mwamba mpaka upande wa Monte Carlo, euro 2 kama sijakosea kwa bei ya sasa, dakika chache, na picha za mji kutoka kwenye maji ndo bora kuliko zote. Mimi napenda wageni wapande boti kwanza alafu lifti.

Uwanja wa kasino ndo ile Monaco ya kwenye picha. Historia yake kwa kifupi inachekesha. Katikati ya karne ya 19 Monaco ilikuwa maskini wa kutupwa, miji yake ya Menton na Roquebrune ilijitenga mwaka 1848 na ikaishia kwa Ufaransa, na malimao na zeituni zilizokuwa zinailisha nchi zikaenda nazo. Kamari ilikuwa imekatazwa Ufaransa, basi Prince Charles III akaona fursa, akamleta François Blanc aliyekuwa anaendesha kasino Ujerumani, 1863 kazi ikaanza kwenye kilima cha mawe na vichaka, 1866 kilima kikapewa jina lake, Monte Carlo, mlima wa Charles. Reli ikafika 1868 na mwaka uliofuata kodi ya mapato ikafutwa. Ukumbi wa muziki uliomo ndani alichora Charles Garnier yule yule wa Opera ya Paris. Na raia wenyewe wa Monaco? Wamekatazwa na sheria kucheza humo. Hela iliwe ya mgeni.

Kuingia kwenye ukumbi wa mbele, ule wenye nguzo za marumaru, ni bure kabisa, ingia kwa kujiamini. Kumbi za ndani asubuhi zinafunguliwa kwa watalii kwa tiketi, kuanzia mchana ni za wachezaji, miaka 18 na kitambulisho, usiku vaa ukaeleweka. Kama roho yako yote ipo kwenye hizo kumbi basi geuza ratiba, anza huku asubuhi na Mwamba uwe mchana. Kucheza siwashauri, kuna usiku mmoja wa Agosti 1913 mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo na watu waliendelea kumwaga hela kwenye nyekundu wakisema "sasa hivi itageuka". Hoteli ya pembeni, Hôtel de Paris ya 1864, ina sanamu ya Louis XIV, mfalme wa zamani wa Ufaransa, juu ya farasi na goti la farasi limeng'aa kwa kushikwa na wacheza kamari wanaotafuta bahati, ukiwa umevaa vizuri na bonjour yako mkononi utachungulia.

Magari ya hapo nje piga picha utakavyo ila usiegemee. Kamera zipo kila kona na polisi ni wengi kuliko utakavyodhani, wapole lakini hawana utani. Na mjini hauruhusiwi kutembea kifua wazi, peku, au na nguo za kuogelea, utarudishwa uvae.

Toka kasino ukishuka utafika kona kali ya hoteli ya Fairmont, ndo kona ya polepole kuliko zote kwenye Formula 1, magari yanayokimbia kilomita 290 yanashuka mpaka kama 50. Kaa pale uone mabasi na bodaboda za vespa zikikata kona hiyo hiyo, kingo zimepakwa nyekundu na nyeupe. Ukiendelea kuna handaki, lina njia ya waenda kwa miguu, gari moja tu la maana likipita utasikia mpaka mbavuni. Mbele yake ni bandarini tena, bwawa la kuogelea la umma, kona ya Rascasse, umemaliza.

Badala ya kuingia handakini unaweza kuelekea mashariki, kuna bustani ya Kijapani, bure, tulivu, na baada ya hapo pwani ya Larvotto. Kuogelea bure, changarawe ndogo sio mchanga, kwahiyo beba viatu vya mpira. Kwa mtu wa Nungwi au Diani pwani hii itakuwa ya kuhurumia, niseme ukweli. Ila maji yake baada ya siku ya ngazi na jua hayana mpinzani.

KAMA UNA NUSU SIKU NYINGINE

Juu ya Monaco kabisa kuna kijiji cha Kifaransa, La Turbie, basi linapanda kwa kona kona, pale Warumi walijenga mnara wa ushindi wa Kaisari Augusto mwaka kama wa 6 kabla ya Kristo na nguzo bado zimesimama. Mahali paitwapo Tête de Chien, kichwa cha mbwa, unaona nchi nzima kwa jicho moja, ikulu, kasino, uwanja wa Kipyegon, vyote kwenye kiganja. Mabasi sio mengi, angalia la kurudi kabla hujaanza kufurahi.

KURUDI

Subiri taa ziwake. Kaa ukutani bandarini na mkate wako, Mwamba unawaka rangi ya dhahabu, hiyo haina kiingilio. Treni zipo mpaka usiku lakini zinapungua baada ya saa mbili, na Wafaransa kwa migomo hawajambo, kwahiyo angalia ratiba siku hiyo hiyo asubuhi sio wiki iliyopita. Rudi stesheni kwa mlango wa karibu na kanisa la Sainte-Dévote, usirudi kwenye ile korido ya asubuhi, ni mbali bure.

Pasipoti ile niliyosema, sababu ni hii: kwenye treni zinazotoka upande wa Italia polisi wa Ufaransa hupanda Menton kukagua, na tukubaliane tu kwamba sura zetu zinaangaliwa mara mbili. Ukiwa na pasipoti yenye viza ni dakika moja, ukiwa na picha ya simu ni maelezo marefu.

Na jukwaani hakikisha ubao umeandika Nice, au Cannes, au Grasse. Usipande iliyoandikwa Ventimiglia. Mimi mkazi wa huku niliwahi kuwapandisha wageni watano treni hiyo huku nikiwaelezea kwa madaha habari za Grimaldi, sote tukasinzia, tukaamshwa na mfagizi anatuongelesha Kitaliano.